Dawa Alizomeza Mama Yako

Masika,

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji na ya kutopanda pikipiki ya dereva aliyelewa, shangazi yako ameyasema tangu Jumatatu, na sina shaka anayarudia hata sasa huko kanisani mlikokwenda kuwaaga wanakwaya. Mimi sitaongeza neno. Nimekaa nyuma ya meza ya duka, mvua inapiga mabati, wateja ni wachache kwa sababu ya matope, na nina jambo moja la kukuandikia kabla hamjarudi. Nimejaribu wiki nzima kulisema kwa mdomo nikashindwa. Wewe unanijua, bei ya chumvi tu naweza kuihubiri nusu saa. Hili sikuweza hata kulianza.

Jumapili iliyopita tulikuwa uani. Nilikuuliza hicho unachokwenda kusoma Butembo ni kitu gani hasa, maana watu dukani wananiuliza na mimi najibu tu kwamba ni mambo ya damu. Uliingia ndani ukatoka na kitabu cha nyimbo cha kwaya, kisha ukachomoa vibanio kwenye kamba ya nguo, na mashati yangu mawili yakaanguka kwenye tope. Nilitaka kugomba. Lakini ulikuwa umeshaanza, na ukianza hakuna wa kukuzuia.

“Papa, tuseme hii kitabu ni ADN, ile wengine wanaita DNA,” ulisema. “Kila seli ya mwili iko na kitabu hii moja. Nyimbo yote iko ndani. Sasa angalia.” Ukabana kurasa nyingi kwa vibanio, ukaacha chache wazi. “Maneno haikufutika. Lakini muimbaji hawezi kufungua pale nimebana. Hii njo wanaita epijenetiki. Kitabu haibadilike. Ni vibanio njo vinabadilika.”

Nikakuuliza hilo linamhusu vipi mama yako. Ukanieleza kwamba mwilini kuna seli kubwa za ulinzi zinazokula vijidudu, na seli hizo zina nyimbo zao za vita ambazo zinatakiwa kubanwa vita vikiisha. Kwa mgonjwa wa sarkoidozi, ugonjwa wa mama yako, inaonekana kurasa za vita zimebaki wazi, na zile za kutuliza zimebanwa. Basi seli zinakuja, zinashikana, zinafanya vinundu kwenye mapafu, kwenye tezi, kwenye macho, zikizunguka kitu ambacho hakuna aliyekipata mpaka leo. Na ajabu yenyewe, ulisema, ni kwamba seli za zamani zinakufa, lakini mpya zinazotoka kwenye uboho wa mifupa huenda zinafika zikiwa tayari zimebanwa mahali pale pale.

“Nani anazifundisha?” nilikuuliza.

“Bado wanatafuta, Papa. Hiyo njo naenda kutafuta na mimi.”

Nikafanya mzaha wangu wa duka, nikasema basi vitoeni hivyo vibanio, kazi imekwisha. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema prednizoni aliyomeza mama yako mwishoni ilikuwa inafanya sehemu ya kazi hiyo, inazifunga kurasa za vita, ila dawa ikiachwa mapema zinafunguka tena. Nilikuwa nakutazama na kuona fahari. Mtoto wa duka la sabuni na betri, anasoma makala za Kifaransa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na anamfundisha baba yake.

Halafu ukaacha kucheka. Ulikuwa unakitazama kile kitabu, hukunitazama mimi.

“Papa, naenda kusoma hii juu ya Mama. Mimi njo nilimusemeaka. Kama singesema anatupa dawa, angelala mu nyumba.”

Na mimi, baba yako, nikainama nikaokota mashati na kusema mvua inakuja. Hapakuwa na wingu hata moja. Ulinijibu “ndiyo, Papa,” ukaenda kuwasha moto.

Masika, hukumsemea mama yako. Nataka ulijue hilo kabla ya pikipiki ya kesho. Miaka hii yote nimekuona ukibeba kosa ambalo si lako, na nimekuacha ulibebe kwa sababu likiwa kwako halikuwa kwangu. Nitakuandikia yalivyokuwa, hata kama nitaharibu karatasi zote za daftari hili.

Unajua kwamba wakati ule nilikuwa reko, mjumbe wa afya wa mtaa wetu. Nyinyi watoto mnakumbuka fulana na begi. Mimi nakumbuka heshima. Nilikuwa mgeni hapa, mtu wa Butembo aliyekuja kuuza, na wenye vilima vyao walinisalimia kwa ajili ya mkopo wa sukari. Nilipopewa fulana ile, wakaanza kuniita daktari. Kwenye kambi ya waliokimbia vita nilipita hema kwa hema nikiuliza nani anakohoa wiki mbili, nani anatoka jasho usiku, nani amekonda. Kifua kikuu kilikuwepo kweli, na kipo. Watu kadhaa niliowapeleka kituo cha afya wanatembea hadi leo, na mmoja wao huniletea viazi kila mavuno. Kwa hiyo usinielewe vibaya, kazi ilikuwa nzuri. Mfanyaji ndiye aliyejaa kichwa.

Mama yako alipoanza kukohoa ulikuwa na miaka minane. Nilimpeleka mwenyewe, nikiwa nimevaa fulana. Makohozi yake yakapimwa mara tatu, na mara tatu hawakuona kijidudu. Lakini radio ya kifua, ile picha ya eksirei, ilionyesha madoa pande zote mbili, na hapa kwetu mtu mwenye madoa, kikohozi na kukonda anapewa dawa za kifua kikuu. Muuguzi hakukosea kwa kuanza hivyo. Yeyote angeanza hivyo. Mama yako akameza miezi sita na hakupona. Akaanzishiwa tiba ya pili, na sindano juu yake.

Hapo ndipo nilipogeuka kuwa mtu mwingine. Kila asubuhi nilisimama mbele yake na bilauri ya maji. Nilimwambia afungue mdomo, ainue ulimi. Ninyi mlikuwa mnakunywa chai mezani mkitazama. Alikuwa ananitii, halafu anasema taratibu, “Nimemeza, Papa Masika.” Nilikifunga kikombe chake kitambaa chekundu ili mtu asikichanganye na vingine. Wewe nilikukataza kulala naye. Karatasi nilizokuwa nazo begini zilisema mtu akishameza dawa kwa wiki kadhaa hofu ya kuambukiza inapungua, na wengine niliwasomea karatasi hizo kwa sauti. Nyumbani kwangu sikuzisoma.

Mteja aliingia, alitaka kiberiti. Nimemrudishia chenji kubwa kuliko pesa aliyoleta, na yeye mwenyewe amenisahihisha. Uone hali niliyo nayo.

Mwezi wa nne wa tiba ya pili, muuguzi aliniita pembeni. Alisema hali haiendi vizuri na kuna mambo mawili. Huenda mgonjwa hamezi. Au anameza, na kifua kikuu chake ni kile sugu kisichosikia dawa, na hapo atalazimika kupelekwa mbali na sisi wote kupimwa. Nilirudi nyumbani. Niliona duka likikimbiwa, fulana ikichukuliwa, nikaona wewe na wadogo zako mnakohoa. Na moyoni nikachagua, Masika. Nikachagua kwamba mama yako hamezi. Kama alikuwa anatupa dawa, basi ugonjwa ulikuwa ule ninaoujua, wa kutibika, na mwenye kosa alikuwa yeye.

Nilikuwa na njia ya kujua ukweli, na niliutazama kila siku. Walitufundisha kwamba mtu anayemeza dawa zile nyekundu mkojo wake unakuwa na rangi ya chungwa. Ndoo ya mama yako niliiona kila alfajiri. Ilikuwa na rangi hiyo siku zote. Niliona nikamwaga.

Siku ya tatu baada ya kuitwa na muuguzi, ulitoka shule saa sita. Nilikuita dukani, nikaegesha mlango, nikakukalisha juu ya gunia la chumvi. Nilifungua pakiti ya biskuti nikaiweka mezani. Nikakuuliza kama umemwona Mama akitupa dawa kwenye jivu la jikoni.

“Hapana, Papa. Anamezaka.”

Nikasema ufikiri kwanza. Nikakuuliza tena.

“Hapana. Minaonaka anakunywa na maji.”

Nikaichukua ile pakiti nikairudisha kwenye rafu. Nikakuambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri kuliko maneno ya ndoa yangu: “Mutoto wa akili anaonaka. Mu jivu, haukuona kitu nyekundu?”

Miguu yako haikufika chini, ulikuwa unaipiga piga kwenye gunia.

“Labda,” ulisema.

“Labda ao ndiyo?”

“Ndiyo, Papa.”

Nikakupa pakiti nzima. Ulikula mbili, na zilizobaki ukampelekea mama yako.

Jioni ile niliita ndugu. Shangazi yako alikuwepo, na mzee wa familia yetu aliyekuwa amepita kutoka Butembo. Nilikusimamisha katikati ya sebule. Ulirudia, na safari hii ulisema mengi kuliko niliyokuuliza: kwamba dawa zilikuwa tatu, kwamba Mama alizifukia kwa kijiti. Mtoto wa miaka tisa aliyesimamishwa mbele ya wakubwa huongeza, ili aaminiwe. Mimi nilijua umeongeza. Nikasema, “Hata mutoto ameona,” na watu wakatikisa vichwa.

Mama yako alikuwa amekaa karibu na mlango, kanga mdomoni. Alikutazama wewe, hakunitazama mimi. Akasema, “Minamezaka yote. Lakini kama mutoto amesema, musimuulize tena mutoto.” Aliinuka akachukua mkeka wake. Nilikuwa nimekwisha kumtengenezea mahali kwenye banda la makaa nyuma ya jiko. Mbao nilizinunua siku mbili kabla. Soma tena hapo, Masika: siku mbili kabla sijakuuliza wewe chochote. Mama yako angelala bandani hata kama ungesema hapana mara kumi. Nilikuhitaji tu ili isionekane ni mimi.

Alilala mle miezi kumi. Mtu mwenye mapafu mabovu, kwenye vumbi la makaa. Nilikuwa nikimsikia akikohoa na kugeuka upande wa pili kitandani. Wewe ulikuwa ukikaa nje ya mlango wa banda na kumsomea masomo yako ya shule, yeye ndani wewe nje, na mimi nikasema sawa mradi uko hatua tatu. Nililia mara moja tu miezi ile, nilipowaona hivyo, na hata kilio hicho nilikwenda kukifanyia stoo.

Macho yake ndiyo yaliyomwokoa, kwa kiasi alichookoka. Yaligeuka mekundu, akawa haoni vizuri, na kwenye miundi yake yakatoka mabonge yenye maumivu. Daktari mmoja kijana alikuwa amepita kituoni siku hiyo, akamshika shingo, akamtazama miguu, akasema kifua kikuu hakina kawaida ya kufanya hivi. Tukaenda mjini, hospitali kubwa. Walimkata kinyama kidogo kwenye tezi wakakipima. Tulingoja siku nyingi. Daktari wa mapafu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, akatuita.

“Hii si tibi,” alisema. “Inaitwa sarkoidozi. Ni ulinzi wa mwili wake wenyewe unamupiga. Haiambukize muntu.”

“Hata kwa kikombe?” nilimuuliza. Ni swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

“Hata kwa kikombe, Papa. Hata mukilala kitanda moja.”

Nikamuuliza kuhusu dawa zile zote alizopewa. Akasema hazikuweza kumsaidia kwa sababu hakikuwepo kijidudu cha kuua. Nikasema, “Kwa hiyo alikuwa anameza?” Akanishangaa. “Nani alisema hamezi?” Mama yako alikuwa amekaa kando yangu. Alinyoosha kanga yake magotini.

Kisha daktari akauliza kama amewahi kufanya kazi kwenye vumbi. Nikajibu haraka kwamba hapana, ni mkulima. Ndiyo, hata pale, baada ya yote, nilijibu badala yake. Mama yako ndiye aliyenirekebisha. “Nilitwangaka mawe ya kasiterite, ile inatoa bati, kule Walikale,” alisema. “Miaka tatu. Tulikuwa tunapepeta na kupuliza, wanamuke kumi.” Hiyo ni kabla hujazaliwa. Tulikuwa tumeoana karibuni, na mimi ndiye niliyemtoa shambani kwa wazazi wake, Nyamitaba, nikampeleka msituni kwa sababu nilisikia huko mtu anapata duka kwa haraka. Duka hili lina vumbi lile ndani yake. Daktari aliandika. Alisema vumbi linaweza kuwa na sehemu yake na linaweza lisiwe nayo, na kwamba wanawake tisa wengine waliopuliza naye huenda hawana kitu. Hakuna ajuaye.

Ndiyo maana uliponieleza kwamba mtu anachokivuta kinaweza kuweka vibanio kwenye seli zake, nilikosa usingizi. Huko chuo ukikuta ni vumbi, niandikie. Ukikuta si vumbi, niandikie pia. Usinifiche kwa huruma, nimeishi na kutojua muda mrefu na kunanichosha.

Lakini kuna lingine nilikuambia asubuhi iliyofuata, ukanikatalia. Nilisema mimi nilikuwa sawa na zile seli, nikamzunguka mtu asiye na kosa nikimtafuta adui ambaye hayupo, na hakuna aliyenibana. Ulikunja uso. “Papa, seli haina zambi,” ulisema. “Haichague.” Ulikuwa sahihi. Nimelifikiria sana neno lako hilo tangu wakati ule. Mimi nilichagua.

Alirudi kulala ndani siku tuliyotoka mjini. Kitambaa nilikitoa kwenye kikombe, na nililivunja banda kwa mikono yangu, majirani wakitazama. Fulana nilirudisha. Sikueleza sababu, watu wakadhani ninaogopa vita. Kwa prednizoni alinenepa mashavu, ukamcheka, naye akacheka na kusema sasa amekuwa mama wa tajiri. Ile miaka yenye mashavu ndiyo bora niliyowahi kupata. Alikusuka nywele kila Jumamosi. Tulikimbia mara mbili katika miaka hiyo, mara zote alitembea mwenyewe, polepole, akisimama kila kona. Ila mapafu yalikuwa yameshafanya makovu, na makovu hayarudi kuwa mapafu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu tulipomzika. Ulisimama kaburini hukulia, na watu wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Mimi nilijua ni nini ulichokuwa nacho kifuani. Nilijua siku ile ile, Masika, na sikufungua mdomo.

Wakati mwingine najitetea. Najiambia kifua kikuu kingekuwa kweli ningekuwa shujaa. Huenda. Lakini ningekuwa shujaa aliyemkalisha mtoto wake kwenye gunia la chumvi akamuuliza mpaka akapata alichotaka. Hilo lisingebadilika hata kidogo.

Siku moja utavaa koti jeupe. Utamuuliza mgonjwa swali, naye atakujibu jibu lisilofaa kwenye karatasi yako. Usimuulize tena na tena mpaka akupe lile unalolitaka. Andika hilo alilosema. Hili ndilo pekee ninalolijua kuhusu kazi unayoiendea, na nimelijua kwa bei mbaya.

Na usiende huko kama mtu anayetumikia kifungo. Jumapili ulipokuwa unabana kurasa, uso wako uling'aa, na nilimwona mtu anayependa kitu. Nenda na uso huo. Kama ukifika ukaona unapenda zaidi mambo ya mimea au ya meno, badilisha, mama yako hatakasirika na mimi sina haki ya kukasirika. Ukitaka kubaki na seli za mama yako, baki kwa sababu zinakushangaza. Adhabu ya kosa langu niachie mimi, nina mabega bado.

Uliniambia pia, nilipokuuliza kwa woga, kwamba kuna familia zenye wagonjwa zaidi ya mmoja, ila si lazima, na kwamba hakuna anayejua kama katika ugonjwa huu vibanio vya mama vinamfikia mtoto. Ulijibu kama unasoma gazeti. Mimi nilikuwa nahesabu mara ngapi umekohoa mwaka huu. Ukikohoa huko, nenda upimwe, na mwambie daktari historia yote, pamoja na vumbi, pamoja na banda la makaa, pamoja nami. Usinifunike.

Mvua imepungua. Nasikia watu wanaanza kupita barabarani, kwa hiyo mtafika sasa hivi, na bado sijakuandikia lile hasa. Nilikuwa nalizunguka.

Wiki ya mwisho ya mama yako, wewe ulikuwa umekwenda kisimani, na mimi nilikuwa namshika mgongo ili aweze kuvuta hewa. Akaniambia, “Ile siku ulimuita Masika mu duka, nilikuwa nyuma ya ukuta ya mbao. Nilikuya kuchukua chumvi. Nilisikia yote.”

Nilidhani atanilaani. Nilikuwa tayari, hata nilitamani anilaani. Alikuwa anapumua kati ya kila neno, na nilingoja.

“Ulimuuliza mara tatu,” alisema. “Mara mbili alisema hapana. Mutoto mudogo vile, mbele ya biskuti, na mbele yako. Mara mbili. Ile ya tatu ilikuwa yako, haikuwa yake. Akikomaa umuambie nilisikiaka zile mbili. Zile njo nililala nazo kule mu makaa.”

Nikamwahidi. Nilimwahidi huku nimemshika mgongo, na miaka saba nimekaa na maneno yake kama mwizi, maana nisingeweza kukupa hayo bila kukupa na haya mengine.

Alizisikia, mwanangu. Zote mbili.

Papa